Mwaka Test Ilibadilika, Nikapiga Jina Bila Kusoma

Hadisi hii, batoto, inanionyesha miye kama mupumbafu. Naanza kuisema mwenyewe, juu nikingojea Mama Masika aiseme, ataisema vibaya zaidi, na ataisemea mu soko.

Munaniita "muzee wa retrete", muzee mwenye kuacha kazi. Angalieni muzuri hii sura. Miye si muzee! Ni mashini njo ilizeeka. Miye niliacha kazi juu yake, kama vile muchezaji anaacha kucheza juu ngoma imepasuka. Nilikuwa mupiga stensili hapa Bunia, mu sekreteria ya Mama Masika, miaka ya vita na miaka ya nyuma ya vita, mupaka siku maordinatere, kompyuta zenu, ilifika na batoto kama nyinyi mukaanza kuandika na vidole gumba. Masomo yangu ni primeri. Nikamaliza, aksanti, kwa heri. Lakini nilipiga mabarua ya badokta, ya bapasteri, ya bakomanda. Kama barua ingekuwa inaachia mupigaji diplome, leo mungeniona ku televizyo.

Sekreteria ilikuwa kibanda ya mbao: meza mbili, mashini ya kuandika moja, roneo moja ya kuzungusha na mukono. Stensili, kwa mwenye haijue, ni karatasi yenye nta. Unaipiga na mashini, herufi zinatoboa ile nta, kisha unaivalisha roneo, unatia wino, unazungusha, na barua inatoka mara mingi vile unataka. Leo munafinya kitu, inalia "krii", karatasi inatoka. Siye kila karatasi tuliizaa.

Na kulikuwa akili ndani. Herufi "o", kwa mufano. Ukipiga "o" na kasirani, inakatika duara yote, inaanguka, na barua ya mutu inatoka na matundu kama shuka yenye panya zimekula. "O" inapigwa kama unagusa mutoto mwenye kulala. Ukikosea, unachukua verni ya kucha, ndiyo, ile nyekundu ya bamama, unapaka juu ya kosa, unapuliza, unangojea ikauke, unapiga tena. Kila wiki nilikuwa naenda mu soko kutafuta verni. Bamama ba soko baliniheshimu sana. Balifikiri niko na bapenzi mu kila avenue.

Mama Masika alikuya kutoka upande wa Butembo na mashini yake na mudomo yake, na sijue gani kati ya ile mbili ilikuwa inapiga kwa nguvu zaidi. Njo yeye alinifundisha. Na sheria yake ya kwanza niliipata kwa kosa.

Wiki yangu ya kwanza, baba mumoja alikuya na barua ya kutuma kwa bibi yake. Bibi alikuwa amekasirika, amerudi kwabo. Ile barua ilikuwa kavu! "Rudia nyumbani. Mbuzi iko muzima. Miye pia." Nikaisoma, nikasikia huruma, nikaongeza kidogo kwa mwisho: "Na kila usiku ninalia." Bibi akarudi mbio. Lakini alirudi na dada zake batatu, bakakaa mu salon, bakangojea kuona bwana akilia. Kesho yake yule baba akafika ku sekreteria na ngumi tayari.

Mama Masika akamutuliza, akanigeukia.

"Mashini iko na maoni?"

"Hapana, Mama."

"Na weye uko nani hapa?"

"Niko mashini, Mama."

"Basi usisome. Piga tu. Mwenye kusoma anachelewa, mwenye kuchelewa anakosea, mwenye kukosea anamaliza verni yangu."

Nikajifunza kupiga bila kusoma. Macho inachukua herufi, vidole inaiweka, kichwa iko inatembea mu soko. Kwa mwisho wa mustari sikuangaliaka hata karatasi. Nilisikilizaka tu ile kengele ndogo ya mashini, "tiing", njo nasukuma chariyo inarudi. Mushike ile kengele. Itarudi mu hadisi, na ikirudi mutanicheka.

Ngoja, kengele imenikumbusha kitu. Siku moja masasi yalianza kulia mujini, batu bote inje. Mwenye mbuzi anavuta mbuzi, mwenye godoro anabeba godoro. Mama Masika akachukua mashini ya kuandika, akaifunga ku mugongo na kitenge, akaivalisha kofia ya sufu ya mutoto. Miye nikabeba stensili ku kichwa. Tukafika ku bariyeri.

Musoda mumoja akauliza: "Mama, mutoto iko na nini, hatikisike?"

"Surua, chef."

Yule musoda akarudi nyuma, juu surua anaiogopa kuliko masasi. Ilikuwa imeisha muzuri. Lakini Mama Masika akainama kuokota kiatu yake, na mutoto akalia: "Tiing!"

Musoda akaangalia mutoto. Akaniangalia miye. Nikasema: "Iko analilia masomo, chef."

Bakacheka mupaka mumoja akaketi chini. Kisha bakafungua kitenge, na kisha hawakucheka tena: bakanikalisha juu ya bidon, bakaniambia nipige feuille de route, karatasi ya ruhusa ya safari, ya kila mumoja wabo. Nilipiga kutoka asubui mupaka jua ikatoka juu ya kichwa. Mutajua kitu moja juu ya vita, batoto: mutu na bunduki yote, na bado anataka karatasi.

Sasa nifike kwa Neema.

Neema ni mudogo wangu, tumbo moja. Tulitoka naye kule mashamba ya Djugu wakati nyumba za kwetu ziliungua, tukafikia kwa baba mudogo wetu hapa mujini. Sekondari aliimaliza vipande-vipande, mwaka moja huku, mwaka moja kule, masomo ikikatika kama redio yenye batri mubovu. Lakini aliimaliza. Na alitaka kitu moja tu: kuingia mu institut ya bainfirmier, kwenye banafundisha bauguzi. Jina ya ile institut naiacha, juu ingali iko na bakubwa yake bangali na macho.

Kwa kuingia ilikuwa lazima test. Na baba mudogo alikuwa amesema neno yake, tukiwa tunakula bugali na sombe:

"Neema, ukipita ile test, unabakia, tutakaza mukaba. Ukianguka, kamiyo ya kwanza yenye itapata njia, unaenda Mahagi-Port kwa shangazi yako kuuzisha makayabu, ile samaki ya chumvi. Hapa midomo imepita sahani."

Hakusema kwa ubaya. Tulikuwa tunalala mu ile nyumba kama viberiti mu boksi. Lakini Neema aliacha kula.

Nikamuambia: "Tulia, mudogo wangu. Test ile ni miye baba yake."

Na ilikuwa kweli! Miaka yote ile test ilikuwa ya itemu: wanakupatia ulizo na majibu tano, unachagua herufi. Na maulizo ilikuwa ileile, inazunguka tu kama roneo yangu. Mwenye kutoka mu test anakumbuka ulizo moja, mwengine anakumbuka ingine, banakuya kwangu, napiga, nazungusha, nauzisha kwa ba mwaka wenye kufuata. Balinipatia jina "Itemu". Batoto balikuwa banakariri zile herufi kama batoto ba katekismu: "Kwanza C, ya pili A, ya tatu C tena!" Kulikuwa kijana mumoja alijibu ulizo mbele ya kugeuza karatasi.

Bon. Baprofesa nabo si miti. Asubui moja tunapita ku portail ya institut, tunakuta tableau noir imetundikwa, imeandikwa na chaki: "Mwaka huu hakuna itemu. Kutakuwa disertasio." Nikaisoma polepole, na kidole. Neema alikuwa amekwisha kumaliza kuisoma zamani, alikuwa ananiangalia miye.

"Yaya," akasema, vile mudogo anaita kaka yake, "ni nani alifanya itemu ijulikane mujini yote?"

"Mudogo wangu, twende nyumbani."

Kutoka ile siku hatukukaa tena mahali pamoja. Ile tableau ilikuwa inabadilika kila asubui. Leo test iko siku ya ine. Kesho, hapana, iko siku ya pili. Kesho kutwa, itafanyikia ku paruasi ya kanisa, juu upande wa institut kuko basoda. Siku ingine, imerudi ku institut, lakini kila mutu akuye na kiti yake. Tulikuwa tunaamuka, tunasikiliza kwanza masasi iko upande gani, kisha tunaenda kuangalia chaki iko inasema nini. Neema alikuwa analala na viatu ku miguu. Miye nilikuwa napiga stensili nikiwa nimesimama. Kila mulango yenye ilijipiga, tulikuwa tayari inje.

Siku moja, mu ile kutembea-tembea, akaniuliza:

"Yaya, disertasio ni nini kweli? Ku sekondari kwetu tuliandika moja tu, kisha masomo ikafungwa."

Sasa, batoto, nyinyi munajua ni kuandika mawazo yako mwenyewe juu ya jambo moja; ile siku mutu mwenye akili angejibu: sijue. Miye nikasema:

"Ni barua ndefu."

Na nikasikia moyo inatulia. Barua! Kuko barua gani miye sijue? Nikakusanya bale bote balikuwa balizoea kununua itemu kwangu, dazani moja ya batoto benye macho kubwa, nikabakalisha nyuma ya sekreteria. Neema akakaa kwa mbele.

Nikabaambia: "Munasikia. Karatasi yote yenye inaenda kwa mutu mukubwa inaanza namna moja: *J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance.* Niko na heshima ya kufika mbele ya wema yenu mukubwa. Rudilieni!"

Bakarudilia. Basoda balipita ku barabara bakasimama kusikiliza. Ilikuwa muzuri kama korali.

"Katikati munatia *En effet*, ni kusema kwa kweli. Kwa mwisho, *Dans l'espoir d'une suite favorable*, nikitumaini jibu ya muzuri. Kisha sahihi. Imeisha."

Mama Masika alikuwa ku mulango na mikono ku kiuno. "Weye, unabafundisha disertasio ao kuomba kazi?"

"Mama, mukubwa ni mukubwa tu. Anapenda kusalimiwa."

Neema akanyoosha kidole. "Yaya, na nyuma ya *En effet*, tunaandika nini?"

"Katikati? Mudogo wangu, nimepiga mabarua hii miaka yote. Katikati hakuna mutu anasomaka."

Test ikafika. Bakaandika. Nikamungojea Neema ku portail. Akatoka na wino ku shavu.

"Balisema tuandike juu ya nini?"

"Malaria."

"Na ulianza namna gani?"

"Namna ulisema."

Nikamunulia ndizi ya kuchoma. Nilikuwa na furaha kama mutu ameshinda kitu.

Kisha tableau ikaita batu bote barudi, juri iko na neno. Banafunzi balikuwa ndani ya sale, siye bandugu tulikuwa inje ku madirisha. Mukubwa wa juri alikuwa Profesa mumoja mwembamba, mwenye kusema polepole kama anahesabia maneno yake. Akachukua kopi ya kwanza, akasoma kwa sauti: "Malaria. *J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance.*" Akachukua ya pili: "*J'ai l'honneur de venir.*" Ya tatu: "*J'ai l'honneur.*"

Batoto, nikafikiri banasifiwa. Nikapiga mikono! Kwa nguvu! Miye peke yangu ku dirisha, kwa, kwa, kwa. Mama mumoja kando yangu naye akaanza kupiga, juu aliniona miye.

Profesa akangojea nimalize. Akaniangalia juu ya miwani.

"Njo huyu mwalimu wabo?" akauliza. Na bale dazani bote, bila kupanga, bakageuza shingo bakaniangalia. Hata Neema.

Profesa akasema: "Hizi kopi ziko na kichwa moja. Na hicho kichwa kiko ku dirisha. Tunazifuta. Lakini mbele ya kubafukuza, tutabasikiliza na mudomo, mumoja mumoja, leo hii, tuone kama kuko mutu nyuma ya ile heshima yote."

Njo mabadiliko ingine tena: disertasio imekuwa oral, papo kwa hapo, bila mutu kujitayarisha. Nikateremuka pale ku dirisha, nikaketi chini ya ukuta. Sikutaka Neema anione. Nilisikia wa kwanza akiitwa mbele, anaanza "*J'ai l'h...*", Profesa anamukata: "Inje." Wa pili vilevile. Nilibafundisha muzuri, ile kitu ilikuwa inatoka mu mudomo yabo yenyewe kama kikohozi.

Zamu ya Neema ikafika. Akasimama mbele ya meza. Na masasi yakaanza.

Karibu, karibu sana. Bati zikalia. Inje batu bote tukajitupa chini, ndani nabo bakajitupa chini. Miye nilikuwa nimelala kando ya ule ukuta, tofali moja ilikuwa imetoka pale chini, na mu ile tundu nikaona mwisho wa heshima yote ya masomo: Profesa amelala na tumbo chini ya meza, miwani imepinda, shavu chini ku sementi. Na Neema amelala uso kwa uso naye, kati yabo kiatu ya mutu.

Bakangojea. Masasi haikuisha. Profesa akakohoa vumbi, akasema vile anasemaka, polepole:

"Mademoiselle. Kwa kuwa tuko hapa. Mugonjwa wako wa kwanza akifika, utafanya nini?"

Nikafunga macho. Nikasema mu moyo: Neema, usiseme. Usiseme ile maneno.

Akasema: "Nitamuuliza: jina yako nani? Umekula leo? Unaumwa wapi?"

"Kwa nini kula inakuya mbele ya kuumwa?"

"Juu siku hizi, Profesa, batu bengi banakuya ku santre ya bagonjwa na njaa, wanapewa kinini, dawa ya malaria. Kinini juu ya tumbo mutupu inamuangusha mutu. Tuliona kule tulikimbilia. Mama yetu alifanyiwa vile, hakuamuka tena."

Sikujua kama alikuwa ameishika ile. Hatukuisemaka nyumbani.

Masasi yakasogea mbali, batu bakaamuka, kila mutu akakimbia kwabo, juri nayo ikakimbia. Matokeo haikutangazwa. Na mu njia mujini yote ilikuwa inasema: bale ba *J'ai l'honneur*, bamefutwa bote. Nani angekataa? Nilikuwa nimeisikia na masikio yangu: "Tunazifuta."

Kesho yake, siku ya tano, baba mudogo akaingia nyumbani anapumua: "Njia imefunguka. Kuko kamiyo inapanda Mahagi kesho asubui mapema, deva namujua. Ikifungwa tena, sijue ni lini." Neema akaanza kukunja nguo yake. Haikuchukua wakati, nguo haikuwa mingi.

Miye nikakimbilia ku kazi, juu nyumbani singeweza kuangalia. Mama Masika hakuwa, alikuwa ametoka kutafuta karatasi. Mara Profesa akaingia mwenyewe, na mabandeji ku kiwiko, na liste mu mukono: bale bamepita, apigiwe stensili, azungushiwe mbili tatu, atatundika kesho kama mujini inatulia.

Nikaona aibu, nikainamisha kichwa mu mashini. Na nikapiga. Herufi, herufi, herufi. Mbele jina ya babu, kisha jina ya kati, kisha ile ya ubatizo kwa mwisho. Na kwa mwisho wa mustari, munajua, miye nilikuwa nasikiliza kengele. Tiing. Sukuma. Tiing. Sukuma. Kuna kitu ingine nitabaambia, musiseme popote: hata kama sheria ya Mama Masika haingekuwa, ile siku singesoma. Niliogopa kufika kwa mwisho wa liste na kukosa kuona jina moja. Mwenye hasomi, haoni ukosefu.

Nikazungusha. Profesa akachukua karatasi, akaangalia, akaniangalia. Akatabasamu kidogo.

"Félicitations," akaniambia, ni kusema hongera.

"Aksanti, Profesa," nikajibu. "Ni wino ya mupya."

Akatikisa kichwa kama mutu ameona nyama ya pori yenye hajawahi kuona, akaenda.

Asubui yake, jua haijachoma bado, nikamupandisha Neema mu kamiyo. Miye mwenyewe! Nikamubebea beseni, nikamusukuma na mabega mupaka akafika juu ya magunia. Hakulia. Aliniuliza tu:

"Yaya, tableau imesema nini leo?"

"Bado hawajaandika kitu," nikasema. "Hata wakiandika..."

"Ndiyo," akasema. "Najua."

Kamiyo ikaondoka. Nikarudi ku sekreteria, nikafagia kwenye tayari nilikuwa nimefagia. Mama Masika akaingia, akaona stensili ya jana imetundikwa ku kamba, inakauka. Tulikuwa tunazilinda kwa kuzitumia tena. Akaishika, akaielekeza ku mwangaza ya mulango. Yeye ni mwenye sekreteria, yeye anasomaka.

"Weye," akasema. "Neema iko wapi?"

"Mu kamiyo, Mama. Amekwisha kuenda."

"Kamiyo gani?"

"Ya Mahagi."

"Na hii ni nini?"

Akaniwekea stensili ku uso. Mwangaza ilikuwa inapita mu matundu ya herufi, na pale, mustari wa ine kutoka chini, nikasoma. Jina ya babu yetu. Jina ya kati. NEEMA. Vidole vyangu viliitoboa pale, herufi kwa herufi, "e" mbili safi kabisa, na kesho yake mwenyewe nikaenda kumupandisha juu ya magunia.

"Mama, ulisema nisisome..."

"Nilisema usisome mambo ya batu! Huyu ni mutu? Huyu ni dada yako!" Na kiatu yake ikaniacha sikio kwa kidogo.

Nikatoka. Nikanyakua kinga, baiskeli ya fundi wa kando, bila kuomba, haina breki, haina kiti, nikapiga pedali nimesimama. Nikapita soko, nikapita bamama na mafuta ya mawese, nikaanguka, nikaamuka, mutu akanitukana mu Lingala, nikamuitika "aksanti". Mu kichwa nilikuwa nahesabu si kilometa. Nilikuwa nahesabu bariyeri. Mungu anisamehe, ile siku nilimuomba bariyeri. Miaka yote nilizichukia, ile siku nikaomba: Baba, tia bariyeri, tia na musoda mwenye kuchelewa kusoma.

Na ku Mudzipela, pale nyumba za mujini zinaishia, kamiyo ilikuwa imesimama ku bariyeri. Musoda mumoja alikuwa ameshika feuille de route ya deva, anaisoma polepole, na kidole. Ningemukumbatia.

Neema alikuwa juu, amefunga kitenge ku kichwa juu ya vumbi. Akaniona na mavumbi, na damu ku goti, na kinga ya wenyewe.

"Yaya! Nimesahau nini?"

Nikafungua mudomo. Pumzi haikuwa. Nilitafuta "umepita", nikatafuta "teremuka", nikatafuta "jina yako", yote ilikuwa imekimbia. Kitu moja tu ikatoka, na nguvu yote yenye ilibakia:

"*J'ai l'honneur!*"

Batu bote juu ya kamiyo bakageuka. Deva akageuka. Musoda akainua macho ku karatasi yake. Nikapiga tena, nikionyesha nyuma, upande wa institut, na mikono mbili, kama mutu anafukuza kuku:

"*J'ai l'honneur de venir!* Neema! *Suite favorable!*"

Mama mumoja juu ya magunia akasema: "Masikini, vita imemukamata kichwa."

Lakini Neema alikuwa amesimama. Kisha akatupa beseni chini, akajitupa naye, bila ngazi, batu bakamushika mikono, akaanguka ku miguu mbele yangu. Nikamupatia stensili, nilikuwa nimeifunga mu tumbo, chini ya shati, wino imenishika ngozi yote. Akaiinua ku jua, akasoma. Akasoma tena. Kisha akasoma alama kwa chini, ile ndogo yenye kila mupigaji anatia kwa kuonyesha ni yeye alipiga. Alama yangu.

"Ni weye ulipiga hii?"

"Ni miye."

"Lini?"

"Jana."

"Jana," akasema. "Na leo asubui ukanibebea beseni."

Nilingojea anipige, ao alie, ao acheke. Hakufanya moja. Alikunja stensili polepole, akanisukuma nikae ku magunia ya muchanga ya bariyeri, kando ya barabara, akainama mbele yangu, akanishika kidevu, akanigeuza uso kwa jua, na akaniuliza na sauti yenye sikuijua, ya mutu wa kazi:

"Jina yako nani? Umekula leo? Unaumwa wapi?" Na mbele ya miye kujibu: "Nyamaza. Nimekwisha kuona. Ni macho."